Hakuna Kuku Katika Barua Hii

Mama Wanja,

Barua imekuja.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najua hungenivumilia nizungukezunguke. Barua zote nilizofundishwa kuandika huanza kwa kumtakia mtu afya, na kwako sijui mahali hapo niweke nini. Nimeparuka.

Imefika Jumamosi iliyopita, wiki ya saba tangu tukuage. Msimamizi aliigawa pamoja na nyingine saa ya chakula. Aliitazama bahasha akasema, "Wewe Ukambani, hii yako iliandikwa juu ya punda? Mistari yote inapanda mlima." Nikajua ni ya mke wangu. Nilikaa juu ya mawe nikaishika tu, mpaka githeri yangu ikapoa na Wafula akaimaliza.

Leo ni Jumapili alasiri, naandika hapa kwako, katika kile chumba cha nyuma, kwenye meza ya darasa. Akina mama wa darasa lako la kusoma wameshaenda zao. Binti yako Wanja anaosha vikombe uani. Ameniwekea chai yenye tangawizi ya kukwaruza koo, kama yako. Mimi mkono wangu si mwepesi, unajua. Niliachia darasa la nne, na tangu hapo mkono huu umeshika sepetu kuliko kalamu. Tena wiki hii tumemwaga zege siku tatu mfululizo. Ukiona neno limekatwa, ni mgongo, si adabu mbaya.

Nataka nikwambie ilivyosema. Lakini nikienda moja kwa moja huko nitakuwa nimeficha sehemu yangu, na wewe hukupenda mtu afiche sehemu yake.

Siku ya kwanza ulipokuja kwenye mjengo wetu hapa Umoja, hukuja kwa ajili ya barua. Ulikuja kumgombeza msimamizi. Malori yetu yalikuwa yamemwaga mchanga kwenye njia ya bomba, na wanawake wa mtaa wakawa wanazunguka mbali na ndoo vichwani, wengine wajawazito. Mwanamke mfupi, kiondo begani, sweta imeshonwa viraka viwikoni. Msimamizi alikuwa anakupita kwa kichwa kizima lakini yeye ndiye aliyekuwa anatazama chini. Mchanga ulihamishwa siku ileile. Mimi ndiye niliyeuhamisha, Mama, na nilikulaani kila sepetu. Sikuwahi kukuambia.

Ulipokuwa unaondoka ndipo ukamkuta karani wa stoo akisoma barua ya Wafula. Ndivyo tulivyofanya siku hizo. Wengi wetu hatukusoma kabisa, na sisi wachache wa darasa la tatu, la nne, tuliweza maandishi ya gazeti tu, mwandiko wa mkono ulitushinda. Basi karani alisoma kwa malipo ya sigara, kwa sauti, na mjengo mzima ukajua mama mkwe wa Wafula anaendesha tumbo. Watu walikuwa wanashika mbavu.

Ukarudi. "Barua ya mtu haisomwi kama mnada wa ng'ombe," ukamwambia karani, ukaichukua mkononi mwake. Kisha ukapindua karai moja la saruji, ukaketi juu yake kama mtu aliyeketi kwake, ukamwita Wafula karibu, ukamsomea polepole sikioni. Wafula hakucheka tena siku hiyo. Kuanzia hapo ukawa unakuja kila Alhamisi saa ya chakula, na lile karai likawa kiti chako.

Zamu yangu ilipofika uliniuliza jina. Nikasema Mutua, lakini hapa wananiita Ukambani.

"Mtoto wako wa kwanza ni nani?"

"Mumbua. Msichana."

"Basi kwangu wewe ni Baba Mumbua. Hilo la Ukambani waachie hawa."

Ukanisomea. Mume wangu mpendwa, sisi sote hatujambo, mvua ni ya wastani, mbuzi wawili wamezaa, ndugu yako Kioko anahitaji waya wa ua, ni mimi mke wako Mbithe. Uliikunja, ukaniangalia, ukaniambia wiki ijayo nilete zote za mwaka huo. Nilizileta katika mkebe wa kahawa, saba, nikijisifu moyoni kwamba mke wangu ananiandikia sana. Ukazitandaza mapajani.

"Mke wako anajua kuandika?"

"Hapana. Anamwambia ndugu yangu Kioko, Kioko anaandika."

"Mke wako ana sauti gani akizungumza?"

Swali gani hilo. Nikakwambia Mbithe hanyamazi. Anagombana na kuku toka asubuhi, kila kuku ana jina na kosa lake. Akisimulia safari ya kisimani utadhani alikwenda Mombasa.

Ulizipitia tena moja moja. Kisha ukasema, "Barua saba, na hakuna kuku hata mmoja. Hakuna ugomvi. Mwanamke ameachwa peke yake na watoto watatu, na mwaka mzima hakugombezi hata mara moja? Baba Mumbua, huyu si mke wako. Huyu ni ndugu yako amejifunga leso yake." Halafu ukaweka kidole kwenye karatasi. "Na Mumbua je? Katika barua mbili za kwanza yumo, anasoma. Kuanzia ya tatu hayumo."

Nilikasirika. Nilikusanya barua zangu nikaondoka, nikakuita mchonganishi mbele ya watu, ukasikia. Alhamisi tatu nilijificha nyuma ya rundo la mawe mpaka uondoke. Wafula akawa anapiga kelele, "Toka huko, Ukambani! Mama anauliza kama umeshageuka tofali!"

Kwetu mavuno yakishaingia ghalani mke huja mjini kukaa na mumewe miezi miwili mitatu. Mwaka ule nilimwita Mbithe mapema. Wewe ulidhani nilimwita kwa sababu nilikusikia. Sivyo. Nilimwita aje athibitishe kwamba wewe ni mwongo.

Alikuwa ndiyo kwanza amefika, anafungua mfuko wa ndengu, nikamuuliza, "Mumbua anaendeleaje na shule?"

Aliacha kufungua. "Unaniuliza mimi? Si nilikuandikia?"

Kumbe Mumbua alikuwa ametolewa darasa la tano. Kioko alisema inamtosha msichana kujua kusoma jina lake, akampeleka kwa mkewe amlelee mtoto na kuchunga mbuzi. Mimi sipo, Kioko ndiye mkubwa wa boma, nani atampinga? Mbithe alikwenda akaketi mbele yake akamwambia, andika, mwambie baba yake mtoto ametolewa shule, mwambie mimi sikubali. Kioko akaandika. Alipomaliza akamsomea, na Mbithe akasikia maneno yake yote yamo, neno kwa neno, mtoto ametolewa shule, mimi sikubali. Akaridhika. Akatia bahasha mwenyewe kwa mkono wake.

Na ile karatasi ilikuwa inasema mbuzi wamezaa.

Mwaka mzima, Mama. Mwaka mzima mke wangu alilala akijua kwamba nimesikia na nimenyamaza. Kila barua yangu iliyofika ikiulizia waya wa Kioko ilimwambia hivyo tena.

Siku ya pili nilimleta kwako. Wewe hukunidai hata msamaha. Ulimwangalia ukamuuliza, "Ni wewe mwenye kuku?" Mbithe akacheka, akaanza kukusimulia, na mimi nikasimama pale mlangoni kama mzigo ulioletwa.

Mjengo ulinisema, wee! "Bibi anaenda shule, bwana anapika!" "Tumwandalie kofia, kesho ndiye msimamizi wetu!" Ni kweli nilipika. Jumapili Mbithe alikuwa hapa, mimi ninaunguza ugali chumbani, na nilipomaliza kuunguza nilikuja kukutengenezea ubao. Ulikuwa unaandika juu ya mlango mzee. Nilipiga lipu kwenye ukuta huu, nikaisugua laini na jiwe, nikaipaka masizi ya mkaa yaliyochanganywa na saruji. Nilikupima kwa mkono wako ulioinuliwa, na hapo ndipo nilipoishia. Ulisema ni ubao wa kwanza maishani mwako uliokujali kimo.

Nilikuwa nasikia ukifundisha. Hukuanza na a, e, i. Uliwaambia, "Kila mmoja anipe jambo lililomkwama kooni. Tutaanza na hilo." Yule mke wa mtu wa reli, kutoka Muthurwa, alikaa wiki mbili hana la kusema, kisha akasema, "Nimechoka." Ukamwandikia, naye akalinakili mara ishirini, na kila mara alikuwa anaonekana uchovu umempungua kidogo. La Mbithe lilikuwa Mumbua arudi shule. Karatasi zako hazikuwa na mistari, na maandishi yake yote yalikuwa yanapanda. Akasikitika. Ukamwambia, "Yaache yapande. Kushuka yatajifunza siku nyingine."

Mimi nilitaka kupanda basi nikamvunje Kioko meno. Ulinikataza. "Ukienda wewe zitakuwa kelele za wanaume wawili, na huyu mama atakuwa amekaa pembeni tena. Mwache aliyefungwa mdomo aseme." Kwa hiyo Januari alirudi peke yake, na penseli, madaftari mawili, na bahasha tatu ulizozibandikia stempu wewe mwenyewe. Ukamwambia aandike kwa mkono wake, aitie posta mwenyewe sokoni, na akasema ataandika.

Tukangoja. Februari yote uliniuliza, "Imekuja?" Machi uliniuliza ukiwa kitandani, kifua kimekubana, Wanja amekuinua kwa mito. "Imekuja?" Nikasema bado. Na niliona ile bado inavyokuingia.

Sasa sehemu yangu yenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilikaa stoo nikaandika barua. Niliandika kama Mbithe. Mume wangu mpendwa, Mumbua amerudi shule, sote tumefurahi, Kioko ameomba msamaha, msalimie sana Mama Wanja, Mungu ambariki. Nilifanya hata mistari ipande. Nilifikiri, huyu mama atakufa, acha afe amefurahi. Nikaja nikaketi kwenye kigoda nikakusomea, na sauti yangu ilitetemeka vizuri kabisa.

Ulisikiliza macho yamefungwa mpaka mwisho. Kisha ukasema, "Kuku wako wapi?"

Nikaikunja ile karatasi.

"Kioko ameomba msamaha?" Ukaanza kucheka. "Wewe na Kioko mlilala tumbo moja kweli!" Ulicheka mpaka kikohozi kikakushika, Wanja akakimbia na maji, akaniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Nilitaka sakafu inimeze.

Kikohozi kilipotulia hukunifukuza. Ulimtuma Wanja nje, ukaniambia jambo ambalo nadhani hukuwaambia wengi. Kwamba miaka ya hali ya hatari, ulipokuwa msichana wa miaka kumi na mitano, wewe ndiwe uliyekuwa na kalamu katika kijiji chenu. Waume walikuwa kizuizini, wake zao walikuja kwako uwaandikie. Mama mmoja alikuja mtoto wake mchanga amekufa, akakwambia andika, amekufa. Na wewe ukamhurumia yule mwanamume aliye nyuma ya seng'enge, ukaandika mtoto hajambo, ameota meno. Ukaandika hivyo barua tatu. Akaachiliwa, akaja nyumbani na gari dogo alilomchongea mtoto kwa mti, akaingia mlangoni akiliita jina lake.

"Kioko alisema uongo kwa ubaya," ukaniambia. "Mimi nilisema kwa huruma. Yule mama hakuona tofauti. Alikuja akaniuliza, kwa nini ulichukua mdomo wangu?" Ukajiinua kidogo kwenye mito. "Ndiyo maana sipumziki hata Jumapili, Baba Mumbua. Watu husema nina moyo mzuri. Mimi nalipa mdomo wa watu."

Kisha ukanishika mkono, ukasema ya kweli ikija nikuletee, hata kama inasema mambo yameharibika.

Ulituacha siku tano baadaye.

Haya, sasa sikiliza. Kuku wamo.

Wamo ukurasa mzima wa kwanza! Kuku mweusi wa mke wa Kioko ameingia jikoni kwa Mbithe mara nne na ameatamia ndani ya sufuria, na mwenyewe anasema si kuku wake. Mbithe anasema yule kuku ana tabia ya mwenyewe. Nilisoma polepole, kidole chini ya kila neno, nikaisikia sauti yake kama yuko upande wa pili wa jiko. Nilicheka peke yangu, Wafula akadhani ni jua.

Ukurasa wa pili anasema hakuandika mapema kwa sababu hakutaka kuniandikia jambo ambalo halijatendeka. Alikwenda kwa mwalimu mkuu akaambiwa alete mwanamume wa boma. Akarudi nyumbani. Jumatatu iliyofuata akaenda tena, na nyingine, na nyingine. Mwishowe akampa karatasi: Mimi ndimi mama yake. Nataka arudi. Na jina lake chini. Mwalimu akaisoma akamuuliza nani alimwandikia. Mbithe akaomba kalamu, akainama kwenye meza yake, akaiandika upya mbele ya macho yake, na yule mwalimu akalazimika kuinamisha kichwa upande kwa sababu mistari ilikuwa inapanda.

Mumbua amerudi, Mama. Darasa la tano, siku shule zilipofunguliwa. Ni mrefu kuliko wenzake na anachekwa, lakini anakunywa yale maziwa ya pakiti wanayopewa watoto siku hizi na anasema ndiyo kwanza aonje maziwa ambayo hakuyakamua yeye. Kioko hasemi na Mbithe mwezi mzima. Mbithe ameandika, kimya chake kimenipumzisha.

Na mimi nimegombezwa. Ameniambia mwaka mzima nilimwamini kaka yangu kuliko nilivyoikumbuka sauti ya mke wangu. Anasema bado hajanisamehe yote, amebakiza kidogo, atakimaliza nikifika Desemba, na nisije na sukari, nije na masikio. Sijawahi kupata barua nzuri kama hii tangu nizaliwe.

Hapa mambo yanakwenda. Wanja bado anapiga taipu mjini siku za kazi, na Jumapili anafundisha. Hana ukali wako lakini wanamwogopa kidogo, wanamwogopa kwa sababu anafanana na wewe akikunja uso. Shida ni kwamba ni mrefu, amemfuata baba yake. Kwenye ubao wako anaandika amejikunja kama anayepalilia. Aliniuliza kama naweza kuubomoa niupandishe. Akina mama wakasimama wote, yule wa Muthurwa akasema, "Ukiugusa huo ubao utatoka hapa bila mkono." Kwa hiyo tumeelewana hivi: wako unabaki palepale, nami nitaunganisha mwingine juu yake. Jumamosi ijayo naanza. Masizi ninayo.

Kwenye mjengo, karai lako lilikaa limepinduliwa wiki mbili hakuna aliyeligusa. Kisha msimamizi akasema saruji haibebwi kwa mikono, likarudi kazini. Nadhani ungekubaliana naye. Lakini Alhamisi linapinduliwa tena, na mwenye kukaa juu yake ni mimi. Nimejifunza mwandiko wa mkono kwa kuwasikiliza akina mama kupitia ukuta huu, na wakishatoka kuyafuatisha maneno uliyoyaacha ubaoni, sasa ndiyo nakwambia. Nasoma polepole, wanaguna, wanasema kwa mwendo huu barua itaisha wakati mtoto ameshaoa. Nikimaliza kila mmoja namuuliza, "Kuku wako wapi?" Mjengo mzima wanasema hivyo sasa, hata kwa mtu anayedanganya habari ya mpira. Wafula ananiambia kwao hawafugi kuku, wanafuga bata. Nikamwambia basi nitafutie bata. Alirudi kuitazama barua yake kwa muda mrefu, na wiki iliyofuata akaomba likizo aende nyumbani.

Imebaki kazi moja, na ndiyo maana nimekuja kukaa hapa. Mwisho wa barua Mbithe amekuandikia. Mwambie Mama Wanja kuku wengi wanamsalimu, na bahasha mbili bado ninazo, moja ni yake. Hajui. Posta huchukua siku nyingi, nami nilikuwa nimengoja barua yake kwanza, ndivyo nilivyojidanganya. Wiki nzima nimekuwa nikitunga kichwani jinsi ya kumwambia kwa upole, kwamba ulilala tu, kwamba hukuumwa, kwamba ulikuwa umeshasikia habari njema ukaenda nazo.

Sitaandika hivyo. Nikimaliza hapa nageuza daftari naandika ya pili, kwake. Nitamwambia ulikohoa siku nyingi na iliuma. Nitamwambia niliandika barua ya uongo kwa jina lake nikakusomea wewe unayekufa, na ulivyonikamata. Nitamwambia ulicheka. Atagomba, najua. Agombe, atakuwa amegomba na mimi mwenyewe na si na mtu mwingine. Ile bahasha nitamwambia aitumie vilevile, Wanja ataisomea darasa.

Kwaheri, Mama Wanja. Chai imepoa, na Wanja amesimama mlangoni anasema kama nimemaliza nibebe benchi niziingize ndani. Nakuahidi Mumbua hatatoka shule tena kwa neno la mtu yeyote, langu likiwemo. Na barua yoyote itakayopita mikononi mwangu, ya kuandika au ya kusoma, nitaitafutia kuku wake.

Mimi,
Baba Mumbua